Safi ya Salamu

Shangazi yangu amefanya kazi ya kupima maji kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo sijamwona akinywa maji nyumbani kwa mtu bila kuinusa glasi kwanza. Huwa anajifanya anapangusa pua, lakini mimi namjua. Zamani alikuja mwanamume kumchumbia, akampeleka kumwona mama yake, na yule mama akamtekea maji ya mtungini. Shangazi akanusa, akairudisha glasi mezani kwa adabu zote, akamwambia mama mkwe mtarajiwa kwamba huo mtungi una kitu kimekufa ndani. Wakautazama. Alikuwepo mjusi. Posa ikaishia hapo hapo, na Shangazi anasema mjusi yule alimsaidia sana, maana katika nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyesikia harufu.

Watu wanamwita Mama Chupa. Hana mtoto wa kumzaa. Aliye naye ni mimi, binti wa kaka yake, niliyelelewa naye tangu nikiwa na miaka tisa. Kila asubuhi hutoka na sanduku la barafu begani, ndani mna chupa za kioo zilizochemshwa, kiberiti, pamba na spiriti. Akifika kwenye bomba huuchoma mdomo wa bomba hilo kwa moto, huyaacha maji yatoke kwanza, ndipo hujaza chupa. Ofisini huyatia kwenye dawa ya rangi ya zambarau, akayafungia ndani ya kabati lenye joto kama la mwili wa mtu, akangoja hadi kesho yake. Zambarau ikibaki zambarau, maji ni safi. Ikigeuka njano na kutoa mapovu, mna kinyesi. Nalisema neno hilo bila kulipaka manukato kwa sababu hadithi hii yote imejaa watu walioshinda wakilipaka.

Wapo wanaomwuliza kama imekuwa njano sana au kidogo. Huwajibu kwamba nzi akiingia kwenye chai hakuna anayempima urefu.

Yeye ni mzee wa kanisa pia, au tuseme alikuwa. Kanisa letu lina shule ya chekechea nyuma ya ukumbi, na mwalimu wa chekechea hiyo ni mimi. Nina watoto thelathini na wanane, wanaokuja na maji yao kutoka nyumbani kwenye vichupa vya plastiki, na kufikia saa nne vichupa vyote vimekauka. Kwa hiyo Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi aliposema kanisa litachimba kisima, mimi nilipiga makofi kuliko wote. Huyu Mwenyekiti ni muuza mabati, mtu mwenye sauti ya kuuzia mabati, na ndiye pia anayesimamia shule na kuajiri walimu. Likumbuke hilo, litakuja kuninasa.

Kisima kilichimbwa karibu na geti ili mgeni akiingia akione kwanza. Hakuna aliyejisumbua kutazama nyuma yake. Juu kidogo, upande wa mteremko unakoanzia, ndiko kulikokuwa na choo cha shimo tunachokitumia waumini mia tatu kila Jumapili. Shangazi alipima kwa miguu yake: hatua kumi na nne. Alimwambia Mwenyekiti tangu kazi ya kuchimba ilipoanza. Mwenyekiti akasema udongo huchuja, Mungu aliuumba kwa kazi hiyo.

Sasa nimtaje Mchungaji. Ni msomi, mpole, mikono yake laini kuliko yangu, na vijana wanamwita Mchungaji Mtazamo kwa sababu hamalizi mahubiri bila kutuambia kwamba mambo yote ni mtazamo. Kila mtu ana ukweli wake, anasema, na Mungu ni mkubwa kuliko ukweli wa mtu mmoja. Nilikuwa nampenda. Nasema wazi msije mkadhani nilizaliwa na busara. Ukiwa na jambo unalojua ni baya nawe hutaki kuliacha, mahubiri ya namna ile ni mto laini wa kulalia. Shangazi peke yake ndiye aliyekuwa akitoka ibadani amekunja uso. Siku moja aliniambia njiani kwamba Pilato naye aliuliza kweli ni nini, kisha akaenda zake bila kungoja jibu, na jibu lilikuwa limesimama mbele yake limefungwa kamba.

Jumanne kabla ya uzinduzi, Mwenyekiti alimwomba Shangazi aje kuyapima maji. Akaja, akachoma bomba, akajaza chupa, akaondoka. Jumatano asubuhi, kabla hajalifungua kabati, simu yake ikalia. Hapa ndipo pana ule upuuzi ambao nikiufikiria mpaka leo natamani kucheka na kutema mate kwa pamoja. Watu wetu hawasemi kwamba Shangazi anafanya kazi ofisi ya maji. Wanasema yuko kwenye maji. Basi Mwenyekiti akasalimu haraka haraka, akauliza, "Vipi huko kwenye maji?" Na Shangazi, aliyedhani anaulizwa habari za kazi kama anavyoulizwa kila siku ya Mungu, akajibu kama tunavyojibu sote hata tukiwa na homa.

"Safi tu, namshukuru Mungu."

Mwenyekiti akakata simu. Kabla ya saa sita, kwenye kundi la simu la waumini, tangazo lilikuwa limeshatoka: maji ya kisima chetu yamepimwa kitaalamu na mzee wetu mpendwa, na majibu ni safi. Chini yake zilijipanga amina arobaini na kitu, maua, na vikatuni vya mikono iliyokunjwa kuomba. Moja ya amina hizo ilikuwa yangu.

Shangazi aliliona tangazo kabla ya kuona majibu. Ameniambia mwenyewe, na ameniruhusu nilieleze hivi hivi. Alicheka kwanza. Kisha akafikiri: nikimsahihisha sasa hivi nitamwaibisha mtu mzima mbele ya watu, na huenda majibu yakatoka mazuri, aibu ikawa ya bure. Akangoja. Saa kumi jioni akafungua kabati, na zile chupa zote zilikuwa njano kama mkojo wa mgonjwa, zikitoa mapovu. Akarudia kipimo kwa maji yaliyobaki. Alhamisi yakatoka njano vile vile.

Akaenda na karatasi ofisini kwa Mchungaji, akamkuta na Mwenyekiti. Niseme kwamba ofisi yake Shangazi haina nguvu juu ya kisima cha watu binafsi. Hupima kwa ombi, karatasi hupewa aliyeomba, na mwombaji akitaka anaweza kuifungia karanga. Karatasi yenyewe ina mistari miwili tu, yanafaa na hayafai. Alikuwa amepiga alama kwenye hayafai, kwa wino mwekundu.

Mwenyekiti aliisoma akasema kadi zimeshagawiwa na wageni wamealikwa. Mchungaji hakuwa na haraka. Alimkaribisha kiti, akamuuliza hali, kisha akaanza kulifinyangafinyanga lile neno. Akasema safi ni neno pana. Ipo safi ya maabara, na hiyo ni ukweli wa maabara, anauheshimu. Lakini ipo na safi ya jamii. Bibi zetu walikunywa maji ya mtoni pamoja na ng'ombe, na ukilinganisha na mto, haya ni safi. Kwa hiyo dada, akamalizia, hujasema uongo, na sisi hatujasema uongo, tumetazama tu kutoka madirisha tofauti.

Shangazi akamwambia kwamba ukilinganisha na choo pia ni safi, maana yamechanganywa na maji.

Mwenyekiti ndiye aliyepiga msumari. Akamkumbusha kwamba neno alilitamka yeye, kwa kinywa chake, watu mia tatu wanalo. Akigeuka leo ataonekana mwongo, na mzee wa kanisa mwongo ni kitu gani? Mchungaji akamwomba wasubiri, walitafakari kwa maombi, asiseme lolote mpaka baraza likae wiki ijayo. Na Shangazi yangu, aliyewahi kuvunja uchumba wake mwenyewe kwa sababu ya mjusi, akakubali kusubiri.

Siku tatu alitembea na neno lile. Watu walimshika mkono sokoni wakimpongeza, naye akaitikia kwa kichwa. Mama mmoja alimwambia kwamba bila yeye asingeamini, ila kwa kuwa Mama Chupa amesema, basi. Akaitikia kwa kichwa. Ijumaa na Jumamosi hakugusa chakula cha jioni. Mimi nilikuwa nimeshaiona ile karatasi mezani, najua rangi ya wino wake, na nilichomshauri ni kwamba mambo haya yana ngazi zake, asubiri viongozi waamue. Nilijisikia mwenye hekima nilipokuwa nasema. Nikijikumbuka, nataka kujisukutua.

Jumapili ikafika. Baada ya ibada tuliandamana hadi kwenye bomba, kwaya mbele, utepe umefungwa, na mimi nimeshika sinia lenye glasi moja ya kioo juu ya kitambaa cheupe. Kabla ya ibada nilikuwa chumba cha wahudumu nikiandaa chai, na Mchungaji alikunywa vikombe viwili akaulizia cha tatu. Mwenyekiti akakata utepe, akajaza glasi. Maji yalikuwa maangavu, unaona upande wa pili. Uchafu wa namna hii una adabu, haujionyeshi. Akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba wa kwanza kunywa atakuwa mzee wetu aliyetuhakikishia.

Shangazi akaipokea. Hakunusa. Kwaya ilipopunguza sauti, akapiga hatua mbili na kumpelekea Mchungaji kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa.

"Mchungaji, umenifundisha kwamba usafi ni mtazamo," akasema, na kipaza sauti kilikuwa karibu kiasi cha kuyanasa maneno yake. "Mimi mtazamo wangu umekataa. Kunywa wewe kwa mtazamo wako."

Mchungaji akaitazama glasi. Nimewahi kuona watu wakitazama nyoka kwa uso mtulivu zaidi. Vidole vyake vile laini havikuinuka. Kisha akatabasamu, akaweka mkono kifuani.

"Nimefunga, dada."

Watu wakaguna kwa heshima, wengine wakasema amina. Nilikuwa nimesimama umbali wa kumgusa, na sukari ya chai yake, vijiko vinne vinne, nilikuwa nimeipima kwa mkono wangu. Yule mtu alijua. Kwa watoto wangu maji yalikuwa na ukweli wa aina mbili, lakini ilipofika zamu ya koo lake yakawa na ukweli mmoja tu, ule wa maabara. Nikafungua mdomo. Mwenyekiti akanitupia jicho, jicho la mwajiri, nikaufunga.

Shangazi ndiye aliyesema. Aliinamisha glasi akamwaga maji chini, akawageukia watu.

"Maji haya yana kinyesi. Ni kinyesi chetu, cha choo kile pale. Jumatano niliulizwa habari nikajibu safi, ilikuwa salamu. Lakini kuanzia jioni ile najua majibu, na siku tatu nimewaacha mniamini. Hiyo siyo salamu tena. Ni uongo, na ni wa kwangu. Nisameheni, na msiwape watoto."

Ungetegemea watu wamshukuru. Wachache walioonja kabla ya sherehe walianza kutema mate, ni kweli, na bibi mmoja alijishika tumbo. Lakini wengi walikasirika, na hawakumkasirikia Mwenyekiti. Walisema amewaharibia siku. Walisema angengoja hata wageni waondoke. Mama yule yule wa sokoni alisema kwa sauti kwamba ukubwa ni jalala, na mtu mzima hujua kufunika. Mchungaji akachukua kipaza sauti, akasema hili ni jambo la kitaalamu lenye pande nyingi, baraza la wazee litakaa mchana huu huu. Kwaya ikaambiwa iimbe.

Saa tisa baraza lilikaa, wazee saba, Mwenyekiti akiwemo, na Mchungaji, na mimi nikaambiwa ningoje kwenye benchi la nje kwa kuwa huenda nikahitajika. Dirisha lilikuwa wazi. Shangazi aliomba mambo mawili. Kwanza bomba lifungwe mpaka choo kihamishwe. Pili, atengwe na meza ya Bwana kwa muda ule uliowekwa na kanuni yetu kwa mzee aliyedanganya kusanyiko.

Hilo la pili ndilo lililowachanganya. Walikuwa wamejiandaa kumkemea. Hawakujiandaa kuombwa adhabu. Mzee mmoja mwenye huruma akasema hapana, huo haukuwa uongo, ulikuwa ucheleweshaji. Mwingine akasema inategemea nia. Mchungaji akasema kwa upole wote kwamba Mungu anaelewa, mazingira yalikuwa magumu, asijihukumu. Nami nje nilielewa kwa nini wanamsafisha kwa bidii namna hiyo. Wakikiri kwamba yeye alidanganya kwa kunyamaza siku tatu, ingebidi waulizane nani alimwambia anyamaze.

"Ndugu zangu," nikamsikia Shangazi akisema, bila ukali, kama mtu aliyechoka, "dhambi ikiwa dhambi, Yesu anayo dawa yake. Mkisema sikudanganya, mnaninyima msamaha. Nitasamehewa uongo gani, ikiwa mmeshasema haupo?"

Mwenyekiti akarudi kwenye jambo la kwanza. Akasema dada huyu kasema safi, kisha kasema si safi, sasa baraza lishike lipi? Na kama hoja yake ni kwamba Mchungaji aliogopa kunywa, basi Mchungaji alikuwa amefunga, na hoja imekufa. Shangazi akasema Mchungaji hakuwa amefunga. Mwenyekiti akauliza ushahidi uko wapi. Ndipo nikaitwa.

Niliingia nikasimama karibu na mlango. Mzee mwenye huruma akaniuliza, binti, wewe ndiye uliyehudumia chumba kile asubuhi. Mchungaji alikuwa amefunga au hakuwa amefunga?

Swali lilikuwa na majibu mawili tu. Mchungaji alikuwa akitazama kalamu yake. Mwenyekiti alikuwa akinitazama mimi, na nikawaza kodi ya nyumba, nikawaza mkataba unaoisha mwezi ujao, nikawaza kwamba kufunga kweli kuna namna nyingi. Na nikasema hivi, kwa sauti ya mwalimu:

"Inategemea mtu anaita nini kufunga."

Wazee wakapumua. Mmoja alicheka kidogo, kicheko cha kushukuru. Nilikuwa nimewapa walichokitafuta mchana kutwa, kijineno cha kukalia. Wakaamua bomba lifunguliwe Jumatatu, vipimo virudiwe siku za mbele na mtu mwingine, na Shangazi apumzishwe uzee wa kanisa. Kupumzishwa ndilo neno walilotumia, kana kwamba alikuwa amelalamika miguu inamuuma. La kuvunda halina ubani, lakini wale watu walikuwa na ubani wa gunia zima.

Jioni ile nyumbani Shangazi alipiga pasi. Hupiga pasi akiwa na jambo. Mimi nilikaa kwenye kigoda najifanya nasahihisha michoro ya watoto, nikingoja anikaripie nipate la kujitetea. Akamaliza kola, akamaliza mkono mmoja wa blauzi.

"Chai ilikuwa ya maziwa au ya rangi?" akauliza.

"Ya maziwa," nikajibu kabla sijafikiri.

Akaitika "mm", akaendelea na mkono wa pili. Nilikuwa nimesahau kwamba alisimama karibu na kinywa cha yule mtu, na kwamba pua yake hailipwi mshahara wa bure. Hakuniuliza lingine. Nililala na nguo.

Jumatatu saa nne watoto walipanga foleni mbele ya bomba, kila mmoja na kikombe chake cha plastiki. Mwenyekiti alikuja na simu kupiga picha za kutuma kwa wageni walioondoka na wasiwasi. Aliniambia nianze. Nikafungua bomba. Nikamjazia wa kwanza, akanywa, akapigwa picha. Nikamjazia wa pili, akanywa akajilamba midomo. Mikono yangu ilifanya kazi yenyewe, kama ya mtu anayeosha vyombo huku akiwaza mengine. Wa tatu alikuwa msichana mwenye pengo, mdadisi, yule ambaye kila siku lazima aulize kwa nini. Alishika kikombe kilichojaa, hakukiinua.

"Mwalimu, mbona wewe hunywi?"

Na neno lililonijia ulimini, Mungu anisamehe, likiwa tayari kabisa, limeshavaa na viatu, lilikuwa "nimefunga".

Nililisikia kabla halijatoka. Nikasikia na harufu yake, maziwa na sukari na choo. Nimetumia ukurasa baada ya ukurasa hapa kuwacheka watu kwa ulimi wao wa kupindapinda, na ulimi uliokuwa unapinda pale, mbele ya mtoto wa miaka mitano mwenye kikombe cha kinyesi mkononi, ulikuwa wangu. Sijawahi kujichukia vile.

"Mwageni," nikawaambia. "Wote. Mwageni chini."

Wakamwaga kwa furaha, watoto hupenda kumwaga. Mwenyekiti akauliza nina wazimu gani. Nikafunga bomba, nikamwambia maji haya ni machafu, na Jumapili Mchungaji alikunywa chai ya maziwa vikombe viwili, niliyemmiminia ni mimi, na nitakwenda kuyasema hayo kwa kila mzee nyumbani kwake. Akaniambia nifikirie kazi yangu. Nikamwambia nimeifikiria tangu jana na ndiyo iliyonifikisha hapa.

Niliwaacha watoto kwa msaidizi wangu na kwenda ofisini kwa Shangazi. Alikuwa anaosha chupa. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, ya jana na ya leo, na nikilia kidogo, nikitumaini pengine atanikumbatia na kuniambia kwamba la muhimu nimesema. Hakunikumbatia. Alikausha mikono kwanza.

"Walikunywa wangapi?"

"Wawili."

Akavua koti lake jeupe akalitundika, akachukua mkoba. Akaniuliza majina ya mama zao na wanakokaa. Nikasema ningependa yeye azungumze, yeye ndiye mtaalamu, anajua kueleza bila kutisha.

"Nitakuja na wewe," akasema. "Lakini utasema wewe."

Tukatembea mpaka nyumba ya kwanza, robo saa hivi. Mama wa yule mtoto alikuwa anaanika nguo. Aliponiona alifurahi, akajifuta mikono kwenye kanga, akaanza kunitafutia kiti huku akiniuliza habari za shule na kama mwanawe anasumbua. Nikamwambia asitafute kiti. Nikamwambia mwanawe amekunywa maji yenye kinyesi asubuhi hii, nimempa mimi kwa mkono wangu, na nilikuwa najua.